Vidole Vitatu vya Mnyapara

Nimechoka kupewa kiti. Nikiingia kanisani hapa Ijumbi, hata misa ikiwa imefika katikati, lazima mtu ainuke na kusema, "Kaa mzee, goti hilo." Nikienda msibani nawekewa kigoda kabla ya wafiwa wenyewe. Akina mama wananiuliza kama baridi ya asubuhi inalisumbua. Vijana wasiojua hata jina la baba yangu wanajua kwamba goti langu la kulia halijakunjika tangu enzi za Mwingereza, na kwamba lilivunjwa na watu wa gatini Bukoba, nilipokuwa naichezea timu ya yadi ya kahawa. Naitikia asante, nakaa, nanyosha mguu mbele, na moyoni natukana.

Natukana kwa sababu siku ileile, katika uwanja uleule, kaka yangu mkubwa aliumia kichwa. Ameshatangulia sasa. Katika maisha yake yote hakuna aliyemsogezea hata kipande cha mkeka. Kama kuna mizani iliyopima majeraha yale mawili ikaona langu ndilo zito, ningependa kuiona, maana mizani ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Yadi ilikuwa mjini Bukoba, si mbali na ziwa. Wakulima walileta kahawa ya maganda, mashine ikaikoboa, buni ikatiwa magunia, na magunia yakapelekwa gatini kupakiwa melini. Mwenye yadi alikuwa Mzungu mwembamba aliyependa mpira kuliko kahawa yake. Aliajiri miguu. Ukijua kucheza ulipewa kazi, mshahara wa mwezi na chumba kule Buhembe, hata kama hukuwahi kushika koleo. Siku hizi wanaita mpira wa kulipwa. Sisi tuliita bahati. Sharti lilikuwa moja tu: anayeacha kucheza anarudi kwao kupalilia migomba.

Mimi niliwekwa kwenye mizani, pamoja na bambo. Bambo ni kile kichuma chenye ncha na mfereji katikati. Unalichoma gunia ubavuni, punje chache zinateleza hadi kiganjani, unajua kilichomo ndani bila kufungua mshono. Wakulima wengine walikuwa wajanja: juu kahawa safi, katikati mawe. Wengi niliwaumbua. Kaka alibeba magunia, mawili kwa mkupuo siku akiwa na furaha, na siku nyingi alikuwa na furaha.

Uwanjani nilikuwa beki, na nitasema bila aibu kwamba nilikuwa mkatili. Tulicheza peku. Kisigino changu kilikuwa kigumu na nilijua kukitumia. Winga akinipita mara ya kwanza nilimwacha. Akinipita mara ya pili nilimkanyaga vidole. Mara ya tatu haikuwepo. Kuna mwanamume wa gatini niliyemvunja mfupa wa ugoko, nikausikia ulivyolia, kisha nikaenda kando kunywa maji. Nilisikia raha. Sioni sababu ya kudanganya uzeeni.

Kaka alikuwa sentafowadi, na silaha yake ilikuwa kichwa. Mpira wa siku zile ulikuwa wa ngozi, umefungwa mdomoni kwa kamba ya ngozi iliyotokeza nje. Mvua ya Bukoba haibishi hodi, na mpira ule ukilowa ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Ukiupiga kichwa upande wa kamba, paji la uso lilichanika. Kaka alikuwa na makovu pajini kama mtu aliyechanjwa. Aliufuata mpira hata pale ambapo mwenye akili angeinama, na uwanja mzima ulimpigia kelele, "Kichwa! Kichwa!" Nadhani hakuna jina alilolipenda kuliko hilo.

Timu ilisimamiwa na mnyapara wa yadi, mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Mashine ya kukoboa ilikuwa imemla vidole viwili vya mkono wa kulia, cha mwisho na cha pete, vikabaki vitatu. Mkono wa kushoto haukuacha fimbo. Mnyapara huyu alikuwa na sheria zake za majeraha, na hakuna aliyezibishia, hata Mzungu.

Mchezaji akiumia goti, mchezo ulisimama. Alilazwa juu ya turubai la kuanikia kahawa, akabebwa na watu wanne, na kesho yake mwenye yadi alimpelekea jogoo. Goti lilikuwa kazi. Na kwetu sisi Wahaya goti lilikuwa zaidi ya kazi. Mwanamume alipiga goti mbele ya Mkama, mfalme wetu, alipiga goti kwa baba mkwe siku ya kuposa, alipiga goti kupokea komunyo. Asiyeweza kupiga goti alionekana ana kiburi hata angekuwa mahututi. Baba alikuwa akituambia kwamba hata shamba la migomba hurithiwa kwa goti, kwa sababu mrithi, omusika, hupiga goti mbele ya wazee wa ukoo kabla ya kupewa mkuki wa marehemu.

Mchezaji akiumia kichwa alimwagiwa debe la maji ya ziwa. Kisha mnyapara aliuinua ule mkono wa kulia mbele ya macho yake na kuuliza, "Vidole vingapi?" Akijibu sawasawa, alirudi uwanjani. Na hakuna aliyewahi kukosea, maana mkono ule ulikuwa na vidole vitatu Jumatatu na vitatu Jumapili. Jibu tulilijua kuliko Baba Yetu. Tulicheka, na mnyapara mwenyewe alicheka. "Kichwa ni cha kuvalia kofia," alikuwa akisema. "Miguu ndiyo inayokula."

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Tulicheza na wapagazi wa gatini, watu wenye mabega mapana waliobeba magunia yetu wiki nzima na kutuchukia mwaka mzima. Yule niliyemvunja ugoko alikuwa ameketi kwenye mstari, fimbo ikiwa mapajani, anatazama miguu yangu. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Bwana DC alikuwa ameketi kwenye kiti chake chini ya mwavuli, na refa alikuwa karani wa boma, mwenye filimbi lakini asiye na moyo wa kuipuliza.

Mpira haujazunguka vizuri, mtu akanipiga kiwiko cha jino. Nilimeza damu, nikamsubiri alipogeuka, nikampiga goti la kiuno. Winga wao alinitemea mate usoni, nikamkanyaga, akalia, mwenzake akaja na ngumi, nikampa ngumi. Kaka alikuja mbio kututenganisha huku anacheka, ananiambia, "Mdogo wangu, acha mifupa kidogo ya mechi ijayo." Hakuwa mtu wa ugomvi. Nataka msomaji alijue hilo tangu sasa. Tangu tuzaliwe hakuwahi kuninyanyulia mkono.

Baada ya mapumziko mpira mmoja ulipigwa juu sana. Kaka aliuendea, beki wao akauendea, wakaruka pamoja. Vichwa vikagongana. Nilikuwa upande wa pili wa uwanja, lakini niliusikia mlio ule vizuri, mkavu, mfupi. Beki alikwenda kuketi kando huku damu inamtiririka sikioni na hakurudi tena. Kaka alianguka kinyumenyume, kisogo kikagonga mlingoti wa goli, gogo zima la mkaratusi, na alipofika chini miguu yake ilikuwa inatetemeka kama ya mbuzi aliyechinjwa.

Wakaleta debe. Maji yakamwagwa. Mnyapara akachuchumaa, akainua mkono.

"Vidole vingapi?"

"Vitatu," kaka akasema.

Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Akainuka, akayumba, akakimbia kuelekea goli letu, watu wakamgeuza kwa mabega akakimbia kuelekea kwao. Walicheka, na mimi nilicheka nao.

Haukupita muda, ikawa zamu yangu. Walinijia wawili, mmoja mbele na mmoja ubavuni, na mguu wangu ulikuwa umezama kwenye tope. Goti lilikunjika kwa upande ambao Mungu hakuliumbia. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, nikauma nyasi, nikala tope. Pale mstarini yule wa ugoko aliinua fimbo yake juu. Mchezo ukasimama. Turubai likaja, watu wanne wakaja, wanawake wakaanza kulia, na Bwana DC mwenyewe akainuka kwenye kiti. Mchezo ulipoendelea, nikiwa juu ya turubai niligeuza shingo, nikamwona kaka akipiga kichwa bao la ushindi.

Lori la yadi lilikuwa linakwenda Muleba kuchukua kahawa, wakatupakia mimi na yeye turudi Ijumbi, mimi kutibiwa na yeye kunisindikiza. Kabla halijaondoka mnyapara alipanda kwenye tairi akaniinamia. "Mmoja wenu abaki uwanjani," alisema. "La sivyo, chumba cha Buhembe kina watu wengi wanaokitamani."

Tuliondoka jua likiwa bado juu. Nilikuwa nimelala juu ya magunia matupu na kaka ameushika mguu wangu kwa mikono miwili ili usirushwe na mashimo. Akaniuliza, "Tumeshinda?"

Nikamwambia, "Umefunga wewe, unaniuliza mimi?"

Akatabasamu. Tulipopita daraja akauliza tena, "Tumeshinda?" Nikamjibu kwa hasira, goti lilikuwa linaniua. Akatapika nje ya lori, akajifuta mdomo, akaushika tena mguu wangu taratibu, akauliza, "Tumeshinda, mdogo wangu?"

Nikainua kidole kimoja mbele ya macho yake. "Vidole vingapi?"

"Vitatu."

Nikakunjua kiganja chote, vidole vitano. "Na hivi?"

"Vitatu," akasema, kwa furaha ya mtu aliyefaulu mtihani.

Nilikuwa nimelichoma gunia kwa bambo na nimeona mawe. Mtu mwingine angeweza kusema hakujua. Mimi siwezi. Nilinyamaza kwa sababu ya chumba cha Buhembe na mshahara. Na kulikuwa na sababu nyingine ambayo nimeikiri kwa padri mara nyingi na bado haijatoka: siku ile uwanja mzima ulinililia mimi, na sikutaka kugawana kilio kile na mtu.

Nyumbani waliniitia mganga wa mifupa. Baba alinikalia kifuani, wajomba wawili wakashika mikono, na mganga akauvuta mguu mpaka nikajinyea. Alilirudisha goti mahali pake, akalikanda kwa majani ya moto, akalifunga kwa vipande vya mwanzi na kamba za mgomba. Kila asubuhi alilifungua na kulikunja kidogo, na kila asubuhi nilimtukana mama yake. Hakujali. Aliniahidi kwamba msimu wa senene nitakuwa napiga goti mbele ya altare, na nilianza kumwamini, maana lilikuwa linakunjika kweli, leo kidogo, kesho zaidi.

Watu walikuja kutoka kila kona. Walileta pombe ya rubisi, walileta ndizi, walileta kuku. Kila mmoja aliomba alione goti, akalitikisia kichwa. Kaka alikuwa amerudi Bukoba kucheza na kubeba magunia. Hakuna aliyeniuliza habari zake ila kusema, "Yule ndiye mwanamume, alipigwa mlingoti akaamka akafunga."

Siku moja mchana mke wake alikuja peke yake. Alikuwa mwanamke wa Kashozi, aliyesomeshwa kidogo misheni, mpole lakini si mjinga. Alipiga goti kunisalimia kama desturi, na alipoinua uso niliona jino la mbele halipo na ndewe ya sikio imechanika.

"Ni nani?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Shemeji, mwambie mnyapara ampumzishe," akasema. "Mwanga unamuumiza. Anafunga dirisha, anakaa gizani na kitambaa kichwani. Ananiuliza mimi ni nani. Nikimwambia ni mke wako, ananipiga kwamba nasema uongo. Halafu analia, ananiuliza nani kanipiga. Waitu, tafadhali shemeji, wewe watakusikiliza. Akipigwa kichwa tena, atakufa au ataniua."

Ningeweza kumwambia habari ya lori. Maneno yalikuwa mdomoni. Badala yake nilimwambia, "Mwanamume hapumzishwi kwa kuumwa kichwa. Mkande kwa majani, atapona."

Aliitazama miguu yangu iliyokuwa juu ya mto, na kuku waliofungwa pembeni. "Lingekuwa goti," akasema, "mngekuwa mmeshatuma turubai."

Nilimfokea. Nilimwambia anakosa adabu, kwamba atafute kosa lake mwenyewe linalomfanya apigwe. Akashukuru kwa maji ya kunywa, akaondoka. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mficha maradhi ya mwenzake sijui ataumbuliwa na nini.

Maneno yake yaliniuma siku kadhaa. Hatimaye nilipanda lori la kahawa na gongo langu la kutembelea, nikaenda Bukoba siku ya mechi nyingine. Nilijiambia nakwenda kumsemea. Nilipofika mnyapara alinikumbatia, akanipa kiti cha mbele, akaniambia wanangojea goti langu kwa hamu. Nikakaa. Nikasema nitamwambia wakati wa mapumziko.

Mvua ilianza kabla ya mapumziko. Mpira ulipigwa kutoka golini mwao, mzito, unazunguka, na kaka akautazama ukija bila kuruka wala kuinama, kama asiyejua ni kitu gani. Ulimpiga paji la uso. Akaketi chini. Wakaja na debe, wakamwagia, na mnyapara akiwa bado hajafika, mkono wake wa kulia ukiwa bado chini, kaka akafumba macho na kusema kwa sauti, "Vitatu!"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mnyapara alicheka akafuta machozi. Kaka akarudi mchezoni.

Nilishika gongo nikaanza kuingia uwanjani. Nilikuwa napiga kelele wamtoe, lakini kelele za mtu mmoja katika kelele za uwanja ni kazi bure. Golikipa wetu alimwita kaka asogee mbele. Kaka akageuka. Akamwendea golikipa wetu wenyewe, akampiga ngumi ya koo, akampiga nyingine alipoinama, akamkalia, akamshika shingo kwa mikono miwili akaanza kumgongesha kichwa kwenye mlingoti. Alikuwa kimya kabisa. Hilo ndilo lililotisha, ule ukimya. Refa alikimbia. Watu watano walimvuta, akawatupa. Mtu mmoja alimuuma mkono ili aachie na hakuachia hadi golikipa alipolegea.

Nilifika. Nikamwambia, "Kaka, ni mimi."

Akanitazama. Nimeyafikiria macho yale maisha yangu yote, na ninavyoyajua mimi, mle ndani hamkuwa na mtu aliyewahi kuniona. Akaninyang'anya gongo langu. Pigo la kwanza lilinitoa meno mawili. La pili lilinivunja ubavu, nikaanguka. Halafu akayaona yale mafungo ya mgomba mguuni, akayaangalia kidogo, akaliinua gongo kwa mikono yote miwili kama mtu anayepasua kuni, akalipiga goti. Akapiga tena. Akapiga tena. Lile gongo lilivunjika baada ya goti.

Wakamfunga kwa kamba za magunia. Mimi wakaniletea turubai.

Golikipa alipona kwa kudra za Mungu, ingawa sauti yake haikurudi. Mwenye yadi alitufukuza wote wawili siku hiyohiyo, na mke wa kaka akarudi kwao Kashozi bila kuaga. Sikumlaumu. Tulirudishwa Ijumbi katika lori lilelile, mimi nimelala, yeye amefungwa mikono. Njiani aliniuliza kama tumeshinda.

Mganga wa mifupa aliligusa goti mara moja tu, akaosha mikono. Baba alinisikiliza nilipomweleza, kisha akafunga mlango. "Ndugu hamvunji ndugu goti," akasema. "Halijapata kutokea katika ukoo huu na halitasikika. Wewe ulivunjwa na watu wa gatini, na goti halikupona. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, tata."

Basi hiyo ndiyo habari iliyotangaa, na aliyeleta nyingine kutoka mjini aliitwa mwongo; ndiyo vijana wanayoijua hadi leo. Kuhusu kaka, watu walisema amechoshwa na mji. Alikaa nyumbani. Siku nyingine alikuwa mtulivu, akipalilia migomba, akiacha palizi katikati ya mstari na kusahau jembe. Siku nyingine alimpiga aliyekuwa karibu. Alimpiga mbwa akafa. Alimpiga mama yetu kwa mwiko wa moto, na mama alisema ameungua jikoni. Sote tulikuwa tumeshajifunza kusema.

Baba alipofariki, wazee wa ukoo waliketi uani siku ya kumaliza matanga kumtoa omusika. Baba mkubwa ndiye aliyeshika mkuki. Alitutazama wana wawili wa marehemu. Kwa kweli hakukuwa na la kutazama sana. Aliniambia kwa upole, "Wewe tunakupenda, lakini huwezi kupiga goti, na hatujawahi kumpa mkuki mtu aliyesimama." Akamwita kaka.

Kaka alipiga goti vizuri sana. Magoti yote mawili yalishuka pamoja, mgongo umenyooka, mikono imekusanywa. Wazee wakaguna kwa kuridhika.

Nilisema, "Subirini." Nilikwenda hadi mbele yake nikiburuta mguu, mama akinifanyia ishara ninyamaze. Nikainua ngumi iliyofumbwa, bila kidole hata kimoja, mbele ya uso wake. "Waambie wazee. Vidole vingapi?"

"Vitatu," kaka akasema.

Walicheka. Kichekesho cha mnyapara kilikuwa kimefika Ijumbi zamani, kila mtu alikijua, na walidhani namtania ndugu yangu ili kupunguza majonzi ya msiba. Nikapiga kelele, nikawaambia watazame ngumi, wasicheke, watazame. Baba mkubwa akanishika bega. "Usimwonee wivu mkubwa wako kwa sababu ya goti," akasema. Kisha akamkabidhi mkuki. Wakampa mkuki mtu aliyekaribia kuua kwa mikono mitupu, kwa sababu magoti yake yalikunjika.

Nikabaki nimesimama pale na ngumi yangu. Nilijua hata nikisema yote sasa, habari ya lori, ya mkewe, ya gongo, nitaonekana mrithi aliyekosa. Nilikuwa na nafasi ya kusema ilipokuwa bado inamfaa, na nafasi ile niliilalia juu ya magunia matupu.

Kaka aliulaza mkuki chini. Akasogea kwa magoti hadi nilipo, akaweka kiganja chake juu ya goti langu, akalipapasa kama mganga alivyokuwa akilipapasa. Mtu huyu hakukumbuka jina la mkewe. Hakujua tulikuwa tunamlilia nani siku ile. Lakini tangu turudi alikuwa ameisikia pole yangu kila siku, kutoka kwa kila mgeni aliyeingia mlangoni.

"Pole na goti, mdogo wangu," akasema. "Nani alikuvunja?"

Wazee wote walitutegea sikio.

"Watu wa gatini," nikamwambia.

"Ningekuwepo," akasema kaka, "wasingekugusa."